Pesa ya nyumba: mume na mke wapange kabla haijafika

Wanaoketi katika kamati za wakimbizi wa ndani pembeni ya mji wa Kalemie wanajua jambo hili vizuri: siku ya kugawa pesa ni siku ya furaha, na siku inayofuata ni siku ya kesi. Mama analeta malalamiko kwamba baba amechukua franka zote na kurudi usiku mikono mitupu. Baba analeta malalamiko kwamba mama ameficha nusu ya pesa kwa dada yake. Shemeji naye amefika kutoka mjini kudai deni la zamani. Rais wa kamati, ambaye ana mambo yake mwenyewe nyumbani, anaambiwa aamue.

Mara nyingi tunazungumza juu ya amani kati ya kijiji na kijiji. Leo tunapenda kuingia ndani ya nyumba, kwa sababu tumeona kwamba mtu aliyetoka kwenye ugomvi nyumbani huja barazani akiwa na moto moyoni, na neno dogo la jirani linatosha kuuwasha. Jambo kuu tunalotaka kusema ni moja: mume na mke wapange pesa pamoja kabla haijafika. Pesa ikishafika mkononi, kila mmoja ameshaitumia katika mawazo yake.

Namna vita vilivyogeuza mfuko wa nyumba

Mapigano kati ya Watwa na Waluba yalianza mwaka 2013. Yalipozidi mwaka 2016 na 2017, familia nyingi kutoka Nyunzu, Manono na vijiji vya Kalemie yenyewe zilikuja kutafuta usalama karibu na mji, mahali kama Katanika na Kalunga. Kisha Ziwa Tanganyika nalo lilipanda, na mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia katika nyumba za mitaa ya kando ya ziwa. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, wengine walikimbilia kwetu kutoka Kivu.

Kila familia ina habari yake, lakini juu ya pesa habari hizo zinafanana. Kijijini chakula kingi kilitoka shambani. Mume alijua mbuzi wake na mafuta yake ya mawese, mke alijua karanga zake na muhogo wake, na desturi ilisema nani anauza nini. Kambini unga unanunuliwa, makala yananunuliwa, hata mboga za sombe zinanunuliwa. Kila kitu kinataka franka, kila siku.

Tena, mwenye kupata franka si yule wa zamani. Baba aliyekuwa na shamba lake sasa anasubiri kibarua cha kubeba mizigo, na siku nyingine hakipati. Mama anauza ndagala au mandazi, na mara nyingi ndiye anayerudi na kitu jioni. Kadi ya msaada nayo mara nyingi imeandikwa jina la mama. Baba anaona amewekwa kando. Mama anaona mzigo wote umekuwa wake. Hakuna anayesema, na ndani ya ukimya huo kila mmoja anaanza kuficha.

Kosa letu sisi wenyewe

Ni vizuri tukiri. Zamani, tulipofundisha juu ya akiba, tuliwaita akina mama peke yao. Tulifikiri kwamba mama akiwa na pesa yake, nyumba itakuwa na amani. Nyumba nyingine zilipata amani. Nyingine zilipata ugomvi mpya, maana baba alisikia kwa majirani kwamba mke wake ana pesa katika sanduku la kikundi, wala hakujua ni kiasi gani wala ni ya nini. Mama mmoja alituambia waziwazi: «Mumenifundisha kuweka akiba, lakini hamkunifundisha namna ya kumwambia mume wangu.»

Wengine wamejifunza hivyo mbele yetu. Huko Côte d'Ivoire, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, vikundi vya akiba vya wanawake vililinganishwa na vikundi vya namna hiyohiyo ambavyo waume waliitwa pia, ili wazungumze na wake zao juu ya mambo ya nyumba na pesa. Mahali waume walipoitwa, vitendo vya mume kumnyang'anya mke pesa au kumnyima ya matumizi vilikuwa vichache zaidi. Kwa hiyo siku hizi tunawaita wawili.

Sheria inasema nini

Wengine wanasema kwamba jambo hili ni la wazungu, na kwamba kwetu pesa ni ya mwanaume. Tuangalie sheria ya nchi yetu. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake mbele ya kujifunga katika mapatano ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iligeuza jambo hilo. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana, wote wawili, juu ya mapatano yanayowafunga. Sheria bado inasema kwamba mume ni mkuu wa nyumba. Lakini mkuu wa nyumba anayeuza shamba au kuchukua deni kubwa bila mke wake kujua, hana sheria nyuma yake. Na mke vilevile.

Kwa sababu hiyo tunawashauri wale waliooana kwa mila tu, waandikishe ndoa yao kwa ofisa wa serikali. Karatasi ile husaidia siku ya kudai shamba, au siku mmoja wao anapofariki.

Maharage kumi

Watu wengi wanafikiri kwamba kupanga pesa kunahitaji kujua kuandika. Hapana. Tunatumia maharage kumi.

Chora chini vitu ambavyo nyumba inatumia pesa juu yake: chungu kwa chakula, kitabu kwa shule, chupa kwa dawa, duka kwa deni, nyumba ya mabati kwa siku ya kurudi kijijini, na vingine mnavyotaka. Mpe baba maharage kumi. Hayo kumi ni pesa yote ya mwezi. Baba ayapange juu ya picha, mama akiwa mbali. Kisha yahesabiwe na kuondolewa, na mama naye apange yake, baba akiwa mbali. Mwishoni wakae pamoja na kulinganisha.

Tuchukue mfano wa mume na mke. Si watu fulani, lakini wanafanana na wengi tunaokutana nao. Baba aliweka maharage manne kwenye chungu, mawili kwenye shule, matatu kwenye mabati, na moja kwa vocha ya simu. Mama aliweka matano kwenye chungu, mawili kwenye deni la duka, mawili kwenye dawa, na moja kwenye shule. Juu ya mabati hakuweka hata moja.

Walipolinganisha, baba aliuliza: «Deni la duka gani?» Hakujua kwamba kila mwisho wa juma mama alikuwa anakopa unga, ili baba asirudi na kukuta chungu kitupu na kuona haya. Mama naye aliuliza: «Mabati ya wapi?» Hakujua kwamba mume wake alikuwa ameshaamua moyoni kurudi kijijini wakati wa mvua, ili wapande mahindi. Yeye mwenyewe alikuwa bado na hofu. Kaka yake aliuawa huko, na waliomuua hawajulikani.

Mnaona, walifikiri wanazungumza juu ya franka, kumbe walikuwa hawajazungumza juu ya kurudi. Hawakumaliza jambo hilo siku ile. Lakini walipatana mambo mawili: deni la duka lipungue kwanza, na baba aende kwanza peke yake kuona hali ya kijiji na kusema na wazee, ndipo wanunue bati hata moja. Familia ambayo mume amerudi kijijini na mke amebaki kambini kwa sababu ya ugomvi, ina vyungu viwili na mfuko uliopasuka. Ni heri kuchelewa na kupatana.

Hesabu ya juma moja

Baada ya maharage inakuja hesabu ya kweli. Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama hakuna anayejua kuandika, mtoto wa shule aandike mbele ya wazazi wote wawili. Huu ni mfano tu, kila nyumba itaweka bei zake.

Mama alianza juma na 40 000 FC, akanunua ndagala kwa wavuvi. Aliziuza zote kwa 62 000 FC. Alilipa 2 000 FC za mahali sokoni na za kubeba. Je, amepata ngapi? Wengi wanajibu 60 000. Si kweli. 40 000 ni mtaji, lazima irudi kununua ndagala nyingine. Faida ni 20 000 FC. Baba alipata 25 000 FC kwa kubeba mizigo bandarini. Basi pesa ya nyumba ni 45 000 FC, nayo inaweza kugawanywa hivi:

- Unga: 17 000
- Mboga, mafuta na chumvi: 9 000
- Makala: 4 000
- Sabuni: 2 000
- Shule: 4 000
- Deni la duka: 4 000
- Akiba: 3 000
- Dawa na mambo ya ghafula: 2 000

Mtaji wa mama haumo katika orodha hii. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya biashara nyingi ndogo kufa kambini: pesa inaonekana ipo, mgeni anafika, mtoto anaugua, na mtaji unaliwa. Baba anapoelewa tofauti ya mtaji na faida, haoni tena kwamba mke wake anamnyima. Anakuwa mlinzi wa mtaji pamoja naye.

Juu ya shule, tukumbuke kwamba tangu mwaka 2019 masomo ya shule za msingi za serikali hayalipwi. Lakini daftari, kalamu na nguo za shule bado zinahitaji pesa, na shule ya sekondari inalipwa. Kwa hiyo iwekwe kidogo kidogo kila juma, wasingoje mwezi wa 9.

Tuangalie pia majira. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hupungua. Anayeishi kwa ndagala ajue kwamba kuna majuma mazuri na majuma magumu katika kila mwezi, na juma zuri lilishe lile gumu. Tena nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimepatana juu ya kulipumzisha ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nyumba inayongoja hadi tarehe 14 Mei kuzungumza jambo hili imechelewa.

Simu: siri ni ya namba, si ya kiasi

Siku hizi pesa nyingi hupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Hapa ugomvi ni mwingi, maana simu ni ya mmoja na ujumbe unasomwa na mmoja. Tunashauri hivi. Namba ya siri ibaki ya mwenye simu. Asimpe mtu wa kabine, wala mtoto, wala jirani. Lakini kiasi kilichoingia kijulikane na wote wawili siku ileile. Pesa ikiwa kubwa, waende kutoa pamoja, au watoe kidogo kidogo kulingana na hesabu waliyopatana. Mke hahitaji kujua namba ya siri ya mume ili amwamini. Anahitaji kujua kwamba ujumbe haukufutwa.

Likelemba na sanduku la kikundi

Akiba ya nyumbani chini ya godoro huibiwa au huliwa. Ndiyo maana watu wetu wana likelemba: kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja baada ya mwingine anapokea yote. Ni nzuri kwa kununua kitu kimoja kikubwa, kama cherehani au magunia ya makala. Lakini mtoto akiugua leo na zamu yako ni mwezi ujao, likelemba haikusaidii.

Vikundi vya akiba na mkopo, tunavyoviita AVEC, hufanya kazi kwa njia nyingine. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hukutana kila juma na kununua hisa. Pesa inawekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa na kurudisha pamoja na faida kidogo. Kuna pia mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa au matanga. Baada ya miezi 9 hadi 12 wanagawana kulingana na hisa za kila mmoja. Njia hii ilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, na leo imeenea Afrika nzima.

Mume na mke wapatane mbele: ni nani ataingia, hisa ngapi kwa juma, na siku ya kugawana pesa itafanya nini. Siku ya kugawana bila mapatano ni sawasawa na siku ya kugawa msaada. Kesi zitakuja asubuhi. Na tunawaomba wenye vikundi wasifunge mlango kwa Watwa, wala kwa waliofika jana kutoka Kivu. Watu wanaolinda sanduku moja kwa miezi 12 hujifunza kuaminiana kuliko katika mikutano mingi.

Ndugu, matanga na pombe

Mambo matatu haya huvunja mpango wowote, kwa hiyo yawekwe ndani ya mpango. Hatuwezi kusema ndugu wasisaidiwe. Wao ndio waliotupokea tulipokimbia. Lakini mume na mke wapatane kiasi cha kusaidia kwa mwezi, upande wa mume na upande wa mke, na anayemjibu ndugu aseme: «Ngoja tuzungumze.» Neno hilo si haya. Linamlinda mume mbele ya kaka zake na mke mbele ya mama yake.

Juu ya pombe, tusiwadanganye watu. Mwanaume akiambiwa hana haki ya franka hata moja, atazichukua kwa nguvu au kwa siri. Nyumba nyingi hupatana pesa kidogo ya mume na pesa kidogo ya mke, ambayo mwenzake haulizi. Ikiwa ndogo na ikajulikana, haiharibu nyumba.

Mwenye wake wawili naye ahesabu kwa uwazi. Kila mke ajue nyumba yake inapata nini. Wake wakijua, wataacha kuulizana kwa matusi.

Pale ambapo kuketi pamoja si salama

Tunasema jambo hili kwa uzito. Kuna nyumba ambazo mke akionyesha pesa yake atapigwa na kunyang'anywa. Katika nyumba kama hiyo, hatumwambii mama aweke akiba yake mezani. Kiongozi asimlazimishe, wala asimrudishe nyumbani kwa neno la «vumilia». Kwanza usalama wake na wa watoto, akisaidiwa na wale anaowaamini na wahudumu wanaoshughulikia mambo hayo. Kupanga pamoja ni kwa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema «hapana» bila kuogopa.

Viongozi wanaweza kufanya nini

Rais wa kamati, mchungaji, imamu, chifu, mama mshauri, ninyi mnasikilizwa. Juma moja kabla ya ugawaji, kumbusheni familia ziketi na maharage yao. Kesi ya pesa ikiletwa, msiulize kwanza nani ana makosa. Ulizeni: «Mlipatana nini kabla ya pesa kufika?» Kama jibu ni «hakuna», mmeshapata pa kuanzia. Msichukue sehemu ya pesa ya watu kwa sababu ya kuamua kesi. Na wenyewe muanze nyumbani kwenu, maana watu wanaangalia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni pesa gani ambayo mume na mke wanaijua wote wawili, na ni ipi inayojulikana na mmoja tu? Kwa nini?
2. Mara ya mwisho pesa ilipogawanywa hapa, kesi ngapi zilifuata? Ni ipi ingeweza kuzuiliwa?
3. Katika nyumba zetu, tumeshazungumza juu ya kurudi kijijini au kubaki? Maharage yetu yanasema nini?
4. Ni nani ambaye hayumo katika vikundi vyetu vya akiba, na ni kwa sababu gani?

Maharage kumi hayana bei kubwa. Jioni hii, kabla hayajaingia katika chungu, yapangeni chini mara moja.